Ijumaa za Mwalimu Hannelore Wiegand

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha watoto wadogo katika shule yetu ya Tannenbach, Mwalimu Hannelore Wiegand anastaafu. Nimeombwa nimwandikie kwa kuwa chumba changu cha kufundishia kinapakana na chake. Walioniomba hawakujua wanatonesha kidonda.

Hannelore alifundisha ngano za kale. Kila Jumatatu alisimulia moja kama bibi zetu walivyoisimulia, na mbwa mwitu wake na wachawi wake. Ijumaa aliirudia, ila amegeuza jambo moja kimyakimya: binti mfalme amekataa kuolewa, au mchawi ndiye aliyeibiwa. Watoto walilinasa, kisha wakabishana nani kaonewa. "Si hivyo, Mwalimu! Umetudanganya!" Kelele zilipenya ukutani, na wanafunzi wangu wakaacha hesabu kusikiliza.

Niseme wazi: nilimwonea wivu. Niliiga mtindo huohuo, nikamgeuza mfalme mkatili kuwa mpole. Ijumaa hakuna aliyegundua. Hawakuwa wameisikiliza ile ya Jumatatu. Hannelore akaniletea keki ya plamu, akaniambia, "Roswitha, we punguza haraka tu, watakufuata." Keki nayo ilikuwa tamu, nikazidi kuudhika.

Sasa mwalimu mkuu, Bwana Döring, ameniachia kipindi hicho cha ngano, kwa sharti kwamba watoto wakikosa kunisikiliza kitafutwa. Wiki iliyopita nilijaribiwa mbele ya madarasa yetu mawili, Hannelore kajibana nyuma kwenye kiti cha mtoto. Jumatatu nilisimulia polepole. Ijumaa jitu langu, badala ya kuwala ndugu watatu, liliwapakulia supu.

Hakuna aliyegundua. Nikaongeza bakuli la pili. Ndipo Fritzi, wa darasa langu mwenyewe, akaruka: "Aa, Mwalimu! Jitu lile linakula watu! Nani kalifundisha adabu?" Chumba kizima kikalipuka, huyu akilitetea jitu, yule akiapa kwamba supu ina sumu.

Niligeuka haraka kumtazama Hannelore. Nilitaka kumwona ameumia, japo kidogo. Alikuwa amesimama, anapiga makofi kuliko watoto wote, mashavu yamelowa.

Ahsante, Hannelore, kwa kila mtoto uliyemfundisha kusikiliza. Tunakutakia maisha mema, afya tele na asubuhi zisizo na kengele. Hata unapoondoka umekataa kunionea wivu, na hilo nalo nakuonea wivu.