Shukrani kwa Mwenye Nyumba kwa Ajili ya Kichochoro

Mheshimiwa Diwani, Mzee wetu mwenye nyumba ambaye leo ndiye mgeni rasmi, majirani wa ghorofa zote, na nyinyi mliosimama juani kwa sababu viti tulivyoazima ni vichache: karibuni kichochoroni.

Nimepewa kazi ya kutoa shukrani. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kupima kabla ya kukata, kwa hiyo sitawachosha.

Hapa tuliposimama, kati ya nyumba yetu na ukuta wa ghala, palikuwa jalala. Panya walipita mchana kweupe bila haraka, kama wapangaji waliokwisha kulipa kodi. Ni nani kati yetu hakuwahi kutupa kitu hapa kupitia dirishani? Msiinue mikono, Mheshimiwa anatazama.

Aliyeanza ni Mama Pacha wa chumba cha chini. Alipofiwa na mumewe alijifungia ndani miezi, wanawe wakawa wanakula kwetu. Siku moja akatoka, akalivuta sinki bovu lililotupwa hapa, akalijaza udongo, akapanda mchicha. Hakumweleza mtu. Zikafuata ndoo za rangi, matairi, madumu yaliyokatwa ubavu. Jua la huku huanzia ukuta wa ghala na kumalizia upande wetu, basi aliyeko nyumbani huzihamisha ndoo kulifuata. Shemeji yangu fundi bomba, kwa nia njema kabisa, alimwagilia maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha mashati. Mchicha wote ukanyauka, na mpaka leo hakabidhiwi ndoo.

Jumatatu iliyopita Mzee alimtuma msimamizi wa ujenzi aje kupapima kwa futikamba. Tukaambiwa patamwagwa zege, zijengwe stoo. Mama Pacha aliuliza jambo moja tu: "Ndoo zangu nizipeleke wapi?" Akaingia ndani, akafunga mlango, na tangu hapo hajatoka. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tulikwenda kwa Mzee, akasema atalifikiria. Lakini Mzee, si wewe uliyemsifia mlinzi wa hapa zile mboga anazokuletea kila Ijumaa, ukamuuliza anazinunua soko gani? Soko lenyewe ndilo hili. Karibu sana.

Kwa hiyo, mbele ya Mheshimiwa Diwani na majirani wote hawa, kwa niaba ya wapangaji, nakushukuru kwa kutuachia kichochoro chetu. Najua hujasema hivyo. Jibu lako limechelewa kidogo, nasi tumeona si adabu shukrani nazo zichelewe.

Nimemaliza, na nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu. Mzee, kipaza sauti ni hiki, pokea. Mama Pacha yuko ndani, na dirisha lake ndilo lile lililo wazi. Sema kwa nguvu kidogo, asikie.