Sweta la Mjukuu wa Mzee Wilf

Garimoshi lilipotoka Sunderland kwenda Newcastle, mzee mmoja, Wilf, alimwonyesha mama wa Newcastle aliyeketi mbele yake sweta la kitoto lenye mistari myekundu na myeupe, rangi za timu ya kwao Sunderland. Bintiye alikuwa akijifungua Newcastle.

"Basi huyo ni Geordie!" mama alipiga makofi. "Anayezaliwa kando ya mto Tyne ni wetu. Na jina lenyewe limetokana na taa za wachimba makaa wetu, zilizoitwa Geordie."

"Taa gani, mama wee! Mlijipendekeza kwa Mfalme George, mkabandikwa jina lake. Mjukuu wa Wilf ni Mackem! Sisi tuliunda meli, nyie mkaja kuzichukua. Ndiyo asili ya jina letu: 'mak 'em', yaani 'waundaji'."

"Na huyu tutamchukua vilevile!"

Ushahidi hakuutoa yeyote. Sauti zilitolewa za kutosha.

Wakiwa darajani simu ya mzee ililia. "Wa kiume!" alipiga ukelele. Garimoshi liliposimama, mzee alitoka mbio, sweta likabaki kitini. Mama alilikodolea macho, akalinyakua, akamfukuzia akilipunga hadharani, mbele ya mji wake mzima:

"Babu Geordie! Simama, mtoto atapata baridi!"