Mabasi Mawili ya Jumamosi

Mwanakheri: Haloo. Haloo, nani mwenzangu?

Afra: Assalaamu alaykum. Nazungumza na Bi Mwanakheri?

Mwanakheri: Waalaykumu ssalaam. Ndiye mie. Nani?

Afra: Shikamoo, bi. Mie Afra, nipo huku mjini—

Mwanakheri: Marahaba. Afra yupi? Kama wa ile kampuni ya mchanga, nshawajibu.

Afra: Hapana, bi, mie si wa—

Mwanakheri: Nshawajibu mara tatu. Gari zenu hazipiti hapa. Tupo wanawake arubaini, tumekaa njiani, na tutakaa.

Afra: Bi Mwanakheri, mie sina mchanga. Mie katibu wa Kamati ya Nishani ya Amani. Ofisi yetu ipo Mkunazini.

[Mtandao unakwaruza.]

Mwanakheri: Kamati ya nini?

Afra: Ya amani.

Mwanakheri: Ngoja nipande juu ya tofali, hapa chini husikiki… Haya, sema.

Afra: Nakupigia kukupa hongera. Kila mwaka kamati inatafuta mtu mmoja hapa Unguja aliyefanya kazi kubwa ya kuleta amani. Mwaka huu tumekuchagua wewe… Bi Mwanakheri? Upo?

Mwanakheri: Nipo. Nani kakutuma?

Afra: Hakunituma mtu. Nishani ni yako. Mwaka wa pili huu mmekaa njiani mnasuka ukili, gari za mchanga zisipite. Hampigi mtu, hamtukani—

Mwanakheri: Kutukana tunatukana.

Afra: Haya, mnatukana. Lakini shimo la mchanga lilipokuwa likichimbwa, visima vyenu viliingia chumvi. Kikabaki kimoja, na vijiji viwili mkakigombania kwa mapanga. Mtu akakatwa mkono.

Mwanakheri: Hasan. Mtoto wa shemeji yangu. Unanihadithia mie mambo ya kwangu?

Afra: Nakwambia kwa sababu tangu mlipozuia gari, maji yamerudi matamu, na hakuna aliyeshika panga tena. Kama hiyo si amani, ni nini?

Mwanakheri: Ni maji.

Afra: Ndo maana yangu, bi. Hivyo hivyo nlivyowaambia wazee wa kamati. Vikao viwili nimegombana nao. Mzee Basil kaniambia nishani hii ni ya watu wanaopatanisha wenzao, si ya watu wa miti na mchanga. Nikamwambia, mzee, anayewazuia watu wasifike kugombana kafanya kazi kubwa kuliko anayekuja kuwaamua. Nimelia mbele yao, wallahi.

Mwanakheri: Ungemsikiliza huyo mzee. Kasema kweli.

Afra: Kasema— Bi Mwanakheri, nimekupigania wewe.

Mwanakheri: Nani alikwambia unipiganie? Ulifika hapa? Uliuliza?

Afra: Nimesoma ripoti—

Mwanakheri: Ripoti. Basi nkwambie kitu hakimo kwenye ripoti. Mwezi wa Rajabu kafariki mume wangu, Nadir. Kijiji hiki, mtu akifa, hata kama jana mlitupiana mawe, unakwenda kumzika. Ndo amani tunayoijua sisi. Nadir kasaliwa na watu ambao hawakutimia safu mbili. Wote wenye vijana wao kwenye kazi ya mchanga hawakuja. Walokaa barazani walikaa, jeneza likapita mbele yao. Hakuinuka mtu. Walobeba ni watu wa kijiji cha pili.

Afra: Inna lillahi. Sikujua, bi.

Mwanakheri: Hukujua. Vijana wale walikuwa wanakula kwa shimo lile, mie nimelifunga. Ndugu wa mume wangu mpaka leo hanijibu salamu. Sasa wewe unipigie simu uniambie nimeleta amani. Nimeleta vita, mwanangu. Nilijua ni vita na nikaingia.

Afra: Lakini vita ya haki—

Mwanakheri: Ita unavyotaka, lakini usiite amani. Hilo neno nalijua mie. Walipokuja kututoa njiani, gari mbili za polisi, yule mkubwa wao alisimama akasema tunahatarisha amani na utulivu. Amani na utulivu. Kila nikiyasikia maneno hayo, kuna mtu anatakiwa anyamaze.

Afra: Basi mie nimepoteza pumzi zangu bure. Wazee wanasema hustahiki, na wewe unasema hustahiki. Mjinga ni mie peke yangu.

Mwanakheri: Hayo umeyasema wewe.

[Mtandao unakwaruza.]

Afra: Nikuulize kitu, bi, bila kukuvunjia heshima?

Mwanakheri: Uliza.

Afra: Mbona sheha wenu mwenyewe haoni hivyo?

Mwanakheri: Sheha yupi?

Afra: Sheha Msabah. Kila jina linakuja na barua ya sheha. Yako kaiandika vizuri sana, kurasa mbili.

Mwanakheri: Msabah kaniandikia barua mie?

Afra: Ndiyo.

Mwanakheri: Isome.

Afra: Yote?

Mwanakheri: Soma tu.

Afra: "Bibi huyu na wenzake ni mfano wa kuigwa. Kwa juhudi zao, shehia yetu sasa imetulia, na mgogoro wa mchanga umekwisha."

Mwanakheri: Umekwisha?

Afra: Ndo alivyoandika.

Mwanakheri: Mie nipo njiani hapa, nimekalia mgogoro wenyewe, na yeye kaandika umekwisha. Msabah huyo huyo ndiye aliyewaita polisi. Msabah huyo huyo hakuja kumzika mume wangu, na nyumba yake inatazamana na msikiti. Leo ananisifu kurasa mbili?

Afra: Watu hubadilika, bi. Na si barua tu. Kajitolea mabasi mawili.

Mwanakheri: Mabasi ya nini?

Afra: Ya kukuleteni mjini. Kasema si haki uje peke yako, kazi mmefanya wote. Wanawake wote arubaini waje, na sare watashonewa. Mie nikaona huyu mtu muungwana kweli.

Mwanakheri: Ndo maana.

Afra: Ndo maana nini?

Mwanakheri: Jana kapita nyumba kwa nyumba, anauliza nani akipanda gari hutapika. Tukacheka. Tukasema kaanza kuzeeka. Lini hiyo sherehe?

Afra: Jumamosi. Mabasi yatakuchukueni alfajiri, mtarudi baada ya Magharibi. Kuna biriani, kuna—

Mwanakheri: Siku nzima.

Afra: Siku nzima.

Mwanakheri: Biriani anapika nani? Pesa za nani?

Afra: Kuna mfadhili. Ni kampuni moja ya ujenzi, imejitolea ukumbi na chakula…

Mwanakheri: Malizia.

Afra: Imekuja kupitia kwa sheha.

Mwanakheri: Afra, hapa njia panda juzi wameleta kijiko. Kile kikubwa cha kuchimbia, kimeletwa juu ya trela. Wamekishusha, wamekifunika turubai, wameondoka. Siku tatu hakukigusa mtu. Tunajiuliza kinangoja nini.

Afra: Bi Mwanakheri, mie sikujua. Wallahi sikujua.

Mwanakheri: Kinangoja mie nije huko kuvishwa nishani.

Afra: Nisamehe.

Mwanakheri: Jumamosi njia tupu, watashinda wanachimba. Tukirudi usiku na sare zetu, maji ya chumvi yapo kisimani. Na kesho yake nikikaa tena njiani, wataniambia, wewe si mama wa amani wewe, tumekuona kwenye televisheni, ondoka.

Afra: Basi usije. Kaeni hapo hapo. Nishani mtaletewa.

Mwanakheri: Ileteni Jumamosi hiyo hiyo. Kama kukaa njiani ndo kazi ya amani, kama ulivyowalilia wazee wako, basi wazee waje na viti vyao. Mgeni rasmi nitamtandikia mkeka, anivishe mbele ya kijiko. Unaweza?

Afra: Bi, kadi zishachapwa. Mgeni rasmi hawezi kuja kukaa—

Mwanakheri: Hawezi kukaa nini?

Afra: Na mfadhili ndo yule. Na mie mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, wazee tayari wananitazama kwa jicho baya.

Mwanakheri: Ehee. Sasa umefika. Dakika kumi unanifundisha mie amani, na kazi yenyewe ikikugusa wewe, una mkataba.

Afra: Maneno yako makali, bi.

Mwanakheri: Hujasikia makali. Siji. Waambie hao wazee Mwanakheri kakataa.

Afra: Ukikataa, watampa wa pili. Jina lake lipo pale pale kwenye orodha.

Mwanakheri: Wampe. Nani huyo?

Afra: Ni…

Mwanakheri: Mtandao au wewe?

Afra: Ni Sheha Msabah. Wazee walimtaka yeye tangu mwanzo. Akakupisha, akasema mwenye haki yake ni wewe. Mzee Basil alitokwa na machozi.

[Mwanakheri anacheka, kicheko kifupi.]

Afra: Mie sioni cha kucheka.

Mwanakheri: Mpeni.

Afra: Nini?

Mwanakheri: Nishani. Mpeni Msabah. Jumamosi hii hii, siku nzima, na biriani.

Afra: Hasha. Nyinyi mmelala njiani mvua na jua, yeye kakuitieni polisi, halafu avishwe yeye? Mie mdomo wangu hautamki.

Mwanakheri: Utautamkisha. Mpaka wa shimo anaujua yeye peke yake, na wale wa mtambo hawawashi mpaka awepo, wanaogopa kesi ya ardhi. Akiwa kwenu amekaa mbele na koti lake, huku hakuna wa kuwaonyesha, wala wa kuwaita polisi. Na sisi wote arubaini tutakuwepo.

Afra: Akisema Jumamosi ana udhuru?

Mwanakheri: Mbele ya mgeni rasmi? Udhuru gani? Atasema ana kijiko?

Afra: Na Jumapili?

Mwanakheri: Jumapili tutakuwa tumekaa pale pale. Ulidhani tunakwenda wapi?

[Mtandao unakwaruza.]

Afra: Na wewe je, bi? Itaandikwa kwamba aliyeleta amani ni Msabah. Itabaki hivyo kwenye vitabu.

Mwanakheri: Usidhani siitaki.

Afra: Sikusema—

Mwanakheri: Ulipotaja jina langu pale mwanzo, moyo umenipiga. Niliwaona wale wa barazani wananitazama nimevaa nishani. Nilitaka waone kuwa Nadir hakuwa na mke mwendawazimu. Imeniuma, na itaniuma Jumamosi wakipiga makofi. Lakini nina wajukuu sita wanakunywa kwenye kile kisima. Kampigie Msabah.

Afra: Samahani sana, bi. Nilidhani nakuletea kitu kizuri.

Mwanakheri: Samahani yako haizuii gari. Mpigie sasa hivi, kabla hajapita nyumba ya pili kupima watu nguo. Na huyo Mzee Basil mwambie asimwache Msabah akatoka kabla ya Magharibi. Hilo utaliweza, au nalo lina mkataba?

Afra: Nitaliweza. Lakini Bi Mwanakheri, mie bado nasema ni wewe. Hata kama hutaki kusikia, kazi hii ni— dakika zangu zinakwisha— kazi hii ni ya—

Mwanakheri: Usizimalize kwangu. Mpigie sheha.

[Simu inakatika.]