Chuma Ukikitoa Hakirudi: Wasifu wa Fundi Subiri

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu huu umeandikwa kwa haraka, jambo ambalo marehemu asingelikubali. Mimi ni mdogo wake wa kike. Nimepewa kazi hii kwa sababu wenzangu wanalia na mimi, eti, nina moyo mgumu. Sina. Nina wasiwasi tu, na sababu yake nitaieleza nikifika huko mbele.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe. Alichelewa hata kuzaliwa: mama alisimulia kwamba mkunga aliitwa mara mbili, na mara zote mbili akarudi kwake bure. Alipoanza kusema, neno alilolipenda likawa "subiri", na mtaa ukamwita hivyo mpaka jina lake halisi likabaki kwenye vyeti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, na mwaka 1975 akajiunga na chuo cha ufundi. Kwenye mtihani wa kusugua chuma kwa tupa, wenzake walikuwa wanapangusa mikono yeye bado anachagua tupa. Alikabidhi kazi nusu. Mwalimu aliigeuzageuza, akasema, "Hii nusu haina kasoro. Lakini nusu ni nusu," akampa nusu ya alama. Marehemu aliona amehukumiwa kwa haki na hakuwahi kulalamika.

Kuanzia Januari 1978 hadi alipostaafu mwaka 2013 alikuwa fundi katika karakana ya pampu za maji. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi aliyoipenda aliifanya nyumbani, kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko: kuchonga silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda. Ndani yake mna njia za kuingizia hewa na za kutolea moshi, nazo hutoka kiwandani zikiwa na mikwaruzo na kona mbaya. Yeye alizipanua na kuzilainisha ili injini ivute vizuri. Hatari yake ni moja. Nyuma ya ukuta wa njia ya hewa kuna njia ya maji ya kupozea injini, na mchongaji haioni. Akizidisha kidogo tu, ukuta umetoboka.

Hedi yake ya kwanza aliiharibu hivyohivyo, kwa drili ya mkononi aliyoifunga jiwe la kunolea. Drili ilitetemeka, ikaruka, ikatokea kwenye maji. Hedi ile ndiyo inayozuia geti la kwao lisijifunge, na sidhani kama kuna mgeni hapa ambaye hajawahi kujikwaa nayo. Hakukubali iondolewe. "Chuma ukikitoa hakirudi," alisema. "Acha inikumbushe."

Tangu hapo akawa mgonjwa wa kuchagua zana. Dukani alikuwa akipitisha kidole kwenye meno ya biti, zile ncha za kuchongea zinazofungwa kwenye mashine, moja baada ya nyingine, mpaka muuza duka akamwekea kigoda chake. Ukimuuliza, angekueleza kwamba alumini inataka biti yenye meno mapana, maana madogo huziba. Kwamba kwenye kona ni biti ya umbo la yai yenye shingo ndefu. Kwamba biti huguswa kwanza kwenye mshumaa ili chuma kisigande. Na kwamba kumalizia ni msasa wa kuviringisha, siyo pupa. Mkewe alimtania, "Mchagua jembe si mkulima!" Naye akajibu, "Mimi silimi, mama. Nachonga."

Huyo mkewe, wifi yangu, alimpata kwa njia hiyohiyo. Mashine ndogo ya kusagia chuma aliyoinunua ilikuwa na kasi moja tu, nayo ilikuwa ya kichaa. Siku moja alipeleka suruali kwa fundi cherehani ikapunguzwe urefu, akabaki ameinama anatazama chini ya meza. Binti wa watu akafikiri anatazamwa miguu.

"Kaka, umepoteza kitu huko chini?"

"Subiri kwanza. Hiyo pedali ukiikanyaga kidogo, cherehani inakwenda polepole?"

Alirudi na suruali nyingine, na nyingine, mpaka hakuwa na suruali ndefu iliyobaki. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986. Bibi harusi alikuja na cherehani yake na pedali mbili, moja ya bwana harusi. Aliitumia hiyo hadi mwisho: mkono ukishika mashine, mguu ukipunguza mwendo. Walijaliwa binti mmoja.

Mwezi Februari mwaka huu pumzi zilianza kumwishia akipanda ngazi. Daktari alimwambia valvu moja ya moyo haifungi sawasawa. Kaka akakaa vizuri kwenye kiti, kana kwamba ameletewa kazi.

"Imelika au imepinda, daktari?"

Daktari alimweleza kwa subira kwamba inahitaji upasuaji. Akauliza watakata na nini, kwa ukubwa gani, na nani atashika. Akajibiwa yote. Kisha akasema lile neno lake.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba," mkewe alimsihi.

"Chuma ukikitoa hakirudi, mama. Sembuse nyama?"

Alikubali mwezi Septemba, akalazwa ili aandaliwe. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, kabla siku ya upasuaji haijafika. Simlaumu, lakini nimeumia, na wifi ameumia zaidi yangu.

Sasa nifike kwenye wasiwasi wangu. Hedi ya mwisho aliyoichonga ni ya pikapu ya shemeji yake, kaka wa wifi. Nilikuwa nimekaa naye stooni. Kwenye kona ya njia moja sauti ya biti ilibadilika, akainua mguu kwenye pedali papo hapo. Akaingiza kidole, akafumba macho. "Hapa nimekaribia maji," alisema. Alitaka hedi ipelekwe ikapimwe, izibwe matundu na kusukumiwa maji kwa nguvu, ionekane kama ukuta unatoa jasho. Kabla haijapelekwa, akalazwa. Shemeji, ambaye hajawahi kusubiri hata chai ipoe, akaichukua na kuifunga kwenye pikapu. Akaenda wodini kujisifu jinsi gari linavyovuta. Mgonjwa akamshika mkono: "Tembea nayo tambarare. Usipande nayo kilima ukiwa na mzigo. Subiri kwanza nitoke."

Hakutoka. Na makaburi yetu, kama mjuavyo, yako juu ya kilima.

Jana kwenye kikao cha familia nilisema tukodi gari jingine la kubeba jeneza. Shemeji naye, kwa mara ya kwanza maishani, alinywea. "Dada, mimi mwenyewe naogopa," alimwambia wifi. "Ikichemka katikati ya kilima na yeye yuko nyuma, nitaweka wapi uso wangu?" Wifi alikuwa anapinda shuka la jeneza kwa cherehani. Akainua mguu kwenye pedali, cherehani ikasimama.

"Alifika karibu na maji, hakuyafikia," alisema. "Mguu ule naujua. Nimemsubiri miaka yote hii. Kesho hatusubiri: atapanda na pikapu hiyohiyo."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe na wajukuu wawili, mimi mdogo wake, shemeji mmoja mwenye haraka, na hedi mbili: moja getini, nyingine ndani ya pikapu.

Karatasi hii inakwenda kuchapwa sasa hivi, kabla hatujaondoka nyumbani, kwa hiyo naiandika bila kujua. Kama mnaisoma mikononi mwenu na mimi sisikiki, basi tuko chini njiani tunasukuma, njooni mtusaidie. Lakini kama mnanisikia nikiisoma, nikiwa nimesimama hapa juu, na yeye yuko mbele yetu, basi ukuta umeshika. Kilima kizima, na mzigo alikuwa yeye.

Kazi imepimwa, kaka. Haina kasoro, na safari hii si nusu. Pumzika kwa amani, na sasa ni zamu yako: utusubiri.