Mama Asiya na Vidole vya Fundi Mulamba

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, tisa ya mwisho katika kitengo chetu cha dialize, Mama Asiya Ndayizeye anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025. Siku hii tuliiogopa, lakini imefika na furaha imeishinda hofu: tangu asubuhi wagonjwa wake wanaingia hapa hospitalini Rumonge wamevaa nguo za sikukuu.

Alianza mwaka 1991 katika kituo cha afya huko Minago, akiwafuata wajawazito kwa baiskeli. Mashine za kusafisha damu zilipoletwa kwetu alikuwa na miaka hamsini na moja, na wengi walidhani angewaachia vijana. Yeye ndiye aliyetangulia kujiandikisha kwa mafunzo Bujumbura, na ndiye aliyerudi na daftari lililojaa.

Mkono wa mgonjwa wenye njia ya dialize, pale sindano za mashine zinapoingia, aliulinda kama mali ya yatima: haukuruhusiwa kubanwa na chochote. Daktari mgeni aliwahi kuufunga mkono wa namna hiyo kitambaa cha kupimia presha. Mama Asiya alikifungua taratibu, akakifunga kwenye mkono wa daktari mwenyewe, akasema, “Tuanze na yako, dogteri, maana yangu imeshapanda.” Wodi nzima ilicheka, daktari naye akacheka, na kosa hilo halikurudiwa.

Lakini wengi tutamkumbuka kwa Fundi Mulamba, mshonaji wa Minago aliyetoka Fizi, ng’ambo ya ziwa. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa mkono wa kushoto ili apate njia ya dialize: mshipa unaoleta damu mkononi uliunganishwa na ule unaoirudisha moyoni. Njia ilikuwa nzuri, mashine ilivuta damu bila shida. Baada ya wiki chache vidole vikaanza kupoa. Mwenye kumhudumia siku hiyo alisema ni sukari, akamwandikia vitamini.

Jumatatu moja Mulamba alilia akiwa kwenye mashine. “Mama, hii mukono si yangu tena,” alisema. “Iko baridi kama samaki. Sindano ya cherehani ilinichoma, sikusikia.”

Mama Asiya aliishika mikono yake yote miwili kwa pamoja. Wa kulia ulikuwa na joto. Wa kushoto ulikuwa umepauka, na ncha ya kidole cha kati ilikuwa na kidonda cheusi. Alitafuta mapigo kifundoni mwa mkono huo, hakuyapata. Kisha akaibana ile njia kwa kidole gumba, kidogo tu. Mapigo yakarudi! Alipoachia, yakapotea. Alituita wote tuone.

“Si sukari hii,” alisema. “Damu imepata njia ya mkato. Inakimbilia moyoni, vidole vinabaki na njaa.”

Hapo hapo akampigia simu Dogteri Venanti, mpasuaji wa mishipa Bujumbura. Kesho yake walikuwa barabarani, Mulamba akiwa ameuficha mkono ndani ya koti, wakapita Muhuta bila kusimama. Picha ya mishipa ilionyesha kwamba hakuna kilichoziba huko juu. Kulikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Kuifunga njia kabisa kungeuokoa mkono, lakini Mulamba angebaki bila mahali pa kusafishia damu ila kwa mpira wa kupitishia damu shingoni. Kuipunguza upana kwa kuizungushia uzi kungeweza kuokoa vyote. Ila uzi ukikazwa kupita kiasi, damu ingeganda na njia ingekufa.

“Mimi niko na watoto watano na cherehani moja,” Mulamba alisema. “Mujaribu kuokoa vyote.”

Alipasuliwa akiwa macho, mkono tu ukiwa umetiwa ganzi. Venanti alimwomba Mama Asiya aingie. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya njia, akisikiliza mtetemo wa damu. Mwingine kifundoni, akingoja mapigo. Venanti alikaza uzi kidogo. Hakuna. Akakaza tena. Hakuna.

“Tena kidogo,” Mama Asiya alisema. Kisha ghafla: “Hapo! Usiguse tena. Yamekuja, na njia bado inatetema!”

Venanti alifunga fundo. Vidole vilivyokuwa vimepauka vikaanza kushika rangi, na Mulamba, kichwa nyuma ya pazia, akauliza kwa nini watu wazima wanapiga makofi.

Kidonda kilipona kwa wiki saba. Alipoteza ukucha, si kidole. Njia ile ile bado tunaitumia mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki anashona. Tangu wakati huo hakuna anayeunganishwa na mashine hapa kabla ya kushikwa mikono yote miwili. Kwa kanuni hiyo ya Mama Asiya tumewagundua wengine wawili mapema, kabla ya kidonda. Mmoja wao, Kabibi, ni mwalimu, na leo ndiye anayeongoza nyimbo za sherehe.

Mama Asiya, umetufundisha kazi, na umetugombeza pale tulipostahili. Unakwenda Kizuka kwenye michikichi yako na wajukuu sita. Kizuka si mbali, na sisi njia tunaijua; weka chai jikoni, tutakuja wengi. Murakoze cane, asante sana. Mungu akupe miaka mirefu yenye afya, na safari hii miaka yote iwe yako mwenyewe.

Irakoze, kwa niaba ya wenzako wa kitengo cha dialize