Mpanga Njia za Ndege Aliyefukuzwa kwa Rula

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa dakika tano na nitazitumia zote.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza sekondari 1976, hesabu aliziweza, kujipendekeza hakukuweza kabisa. Tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa na shirika la ndege kuwa mpanga njia, mwaka 1986 akafunga ndoa na karani wa tiketi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, wote mnawaona hapa na mama yao.

Tarehe 9 Septemba 1999, wakubwa watatu wa kamati ya shirika, ambao leo wameketi mstari wa mbele na miwani yao ya jua, waliona njia zake zimepinda kwenye ramani ya ukutani, wakachukua rula, wakapima, wakatangaza kwamba anazungusha abiria na kuteketeza mafuta. Aliwaletea tufe la dunia na uzi, akauvuta uzi ukakaza kutoka mji hadi mji, akawaeleza kwa subira kwamba dunia ni mviringo, ukiitandaza kwenye karatasi sehemu za juu na za chini huvutwa zikapanuka, ndiyo maana njia fupi kuliko zote huonekana imepinda, nao, wasomi hao, wakamwambia aondoe mpira wake mezani. Siku tano baadaye alifukuzwa. Njia za rula zilijaribiwa wiki mbili, ndege zikawa zinatua njiani kuongeza mafuta, marubani wakarudia njia zake kimyakimya, na hakuna aliyemwita kazini.

Mtaani aliitwa Mzee Kona, nami nilimwita hivyo mbele ya wanawe, naona haya kuliko ninavyowadharau hao watatu, na ninawadharau sana.

Alifundisha hesabu sebuleni kwake hadi tarehe 2 Juni 2025 alipopatwa na kiharusi, akalazwa, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa akiuliza kama barua ya shirika ya kumsafisha jina imefika, akafariki Jumatano tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba viti na maji, na marubani mliokuja kumtazama bila kutumwa na mtu. Shada la shirika tumelipokea. Barua haikuja, kwa hiyo naisoma mimi, waliopaswa kuiandika wakiwa wameketi wananisikia: mpanga njia huyu hakupoteza hata lita moja ya mafuta, mliopoteza ni ninyi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.