Mama Kamba na Kikombe cha Orofa ya Juu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Kamba atavua aproni aliyoivaa kwa miaka thelathini na mmoja katika jiko la hospitali yetu. Jina lake halisi limo kwenye faili. Humu ndani ukilitaja, watu watakuuliza ni nani huyo.

Jina la utani alilipata kwa lifti ya chakula, lile kabati dogo la rafu mbili linalopanda ndani ya ukuta kutoka jikoni hadi wodini. Jengo hili lilianza kama hoteli, na lifti iliwekwa ili wageni wale vizuri bila kuwaona waliopika. Ilipokuja hospitali, kabati likabeba uji, mashuka, dawa, na siku moja paka wa jikoni, aliyerudishwa chini akiwa amenuna. Mota ilikufa zamani. Mafundi walikuja, wakatikisa vichwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Tangu hapo kabati linavutwa kwa kamba, na mvutaji ni yeye.

Yeye pia ndiye aliyebuni utaratibu wa vikombe, baada ya kuchoka kupiga kelele ndani ya shimo la lifti. Trei ikishuka na kikombe kimesimama, mgonjwa yupo, kesho apikiwe. Kikombe kikishuka kimepinduliwa mdomo chini, kitanda kiko wazi.

Mwaka ule wa maradhi ya kuambukiza, orofa ya juu ilifungwa kwa kufuli, wauguzi wakiwa humo humo na wagonjwa. Kilichopanda na kushuka ni kabati tu. Mdogo wake Mama Kamba, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, alikuwa huko. Kila asubuhi uji wake ulitangulia. Vikombe vilivyopinduliwa vilishuka vingi mno, lakini chake kilirudi kimesimama, bakuli likiwa tupu. Tukamshukuru Mungu.

Milango ilipofunguliwa ndipo tulipojua kwamba mdogo mtu alikuwa amefariki wiki nyingi nyuma. Wauguzi walikosa moyo wa kukipindua kikombe kile. Mama Kamba alipanda, akachukua nguo za marehemu, akashuka, akawasha jiko. Hatukuona chozi, na wapo waliosema ana roho ngumu.

Wiki iliyopita, tukipanga sherehe hii ya kumuaga, alitueleza mbele ya muuguzi mkuu. Alijua tangu siku ile ile ya kifo. Mdogo wake hakuwahi kumaliza uji maishani mwake, hata achapwe. Bakuli liliporudi limekombwa, alijua uji anaula mtu mwingine mwenye njaa. Wauguzi kule juu walikuwa wakishinda na chai kavu. Basi akaongeza sukari, akajaza bakuli, akaendelea kuvuta kamba. Alisema angelia, wangejua kwamba amejua, nao wangeona haya kula.

Muuguzi mkuu, ambaye mwaka ule alikuwa mgeni kazini orofa ya juu, alitoka bila kumaliza chai yake.

Jana asubuhi kabati lilishuka na trei tusiyoipeleka sisi. Juu yake kulikuwa na kikombe kimoja, kimepinduliwa mdomo chini. Mama Kamba alikitazama, akaiachia kamba, akaketi sakafuni, akalia kama mtu aliyeletewa habari leo. Tukakaa naye msibani, papo hapo jikoni, uji ukaungua.

Mama Kamba, asante kwa kutulisha sote, hata waliokula kwa siri. Kamba tumeishika. Nenda nyumbani kwa heri, ukae, nawe uletewe.